Kutafuta Habari za Safari za Reli katika Magazeti ya Zamani

Gari la moshi lilifika Arusha mwaka 1929. Kabla ya hapo reli iliishia Moshi, na mtu wa Meru aliyetaka kulipanda hakuwa na budi kwenda huko kwanza. Tangu siku hizo wanafunzi wengi wa sehemu zetu wamesafiri kwa reli kwenda shuleni, kurudi makwao, na pengine kutembea tu ili waione nchi. Nani alikwenda, lini, na aliona nini? Vitabu vikubwa vya historia havisemi. Habari hizo zimo katika magazeti madogo madogo ya shule, ya vyama na ya wafanyakazi wa reli. Muhula huu Chama chetu cha Historia kilijaribu kuzitafuta. Twataka kuwaeleza wasomaji jinsi kazi hiyo inavyofanywa, na kosa kubwa tulilokaribia kulifanya.

Kwanza ijulikane kwamba kazi hii si yetu peke yetu. Katika nchi nyingi wako watu wapendao reli kama wengine wapendavyo mpira. Mjini New York, mwaka 1934, wapenzi wa reli za umeme waliunda chama kiitwacho Electric Railroaders' Association, na gazeti lao likaitwa Headlights. Watu wa vyama vya namna hii hukodi behewa zima, wakaifuata njia moja mpaka mwisho wake, wakapiga picha na kuandika namba za mabehewa. Safari zao nyingi zilikuwa za kuaga, kwa sababu miji mingi iling'oa reli zake za barabarani ikaweka mabasi. Tramu za zamani za London, mathalan, zilikoma Julai 1952. Leo atakaye kujua reli hizo zilikuwaje hurudia magazeti ya vyama hivyo.

Huku kwetu magazeti ya zamani yapo pia. Mambo Leo lilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923. Reli na Bandari za Afrika Mashariki, zilizowekwa chini ya uongozi mmoja mwaka 1948, zilikuwa na gazeti la wafanyakazi lililoitwa Sikio. Shule nazo zilikuwa na magazeti yao, yaliyopigwa chapa kwa stensili, nakala chache tu. Mengi ya hayo yameliwa na mchwa, na mengine yamefungiwa karanga sokoni.

Sasa, mtu akipata magazeti hayo, afanye nini?

Jambo la kwanza ni kuyapanga kwa tarehe, na kuandika katika daftari ni matoleo gani yasiyopatikana. Usipoliona jambo katika gazeti, usiseme halikutokea. Huenda limo katika toleo lililopotea. Tena angalia maneno kama "mwezi uliopita" na "juzi". Yanahesabiwa tangu siku mwandishi alipoandika, na gazeti huenda lilitoka majuma mengi baadaye.

Jambo la pili ni kupambanua tangazo na taarifa. Tangazo husema safari itakuwako. Taarifa husema ilikuwako. Baina ya hayo mawili mvua hunyesha, fedha hupungua, na mwalimu huhamishwa. Tangazo peke yake si ushahidi kwamba mtu hata mmoja aliondoka.

Jambo la tatu ni kulinganisha habari na reli yenyewe. Ujenzi wa reli ya Tanga ulianza mwaka 1893, wakati wa Wadachi. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902. Moshi, baadhi ya vitabu huandika 1911 na vingine 1912, wala hakuna aliyesema uongo: reli ilifika mwaka 1911, nayo njia ikafunguliwa rasmi mwaka uliofuata. Vilevile, reli ya Tanga na Reli ya Kati hazikuunganishwa mpaka mwaka 1963, ilipokwisha njia ya Ruvu na Mnyusi. Basi mtu akiandika kwamba mwaka 1958 alipanda gari la moshi Arusha akashuka Dar es Salaam, lazima umwulize sehemu iliyobaki alipitaje. Huenda alipanda basi. Huenda alipita Kahe na Voi mpaka Mombasa, kisha akapanda meli. Huenda pia amekosea mwaka.

Jambo la nne, ambalo wengi hulidharau, ni kusoma hesabu za mweka hazina. Ukurasa huo haupendezi, lakini hausifu mtu wala haumwonei mtu haya. Na hapo ndipo sisi tulipookolewa.

Katika sanduku moja la stoo tulipata tangazo la mwaka 1967 la safari ya wanafunzi kwenda Tanga kwa gari la moshi, ili wakaione bahari. Chini yake yaliandikwa majina 24. Katika toleo lililofuata mlikuwa na taarifa fupi iliyosema safari ilikwenda salama na kwamba "sote tulifurahi". Tulishangilia sana. Tukaamua kuyaandika majina yote 24 kwenye ubao wa maktaba, chini ya maneno "Wasafiri wa 1967".

Mmoja katika hao ni babu wa mwanafunzi mwenzetu, naye anakaa Nkoaranga. Tulikwenda kumpa habari njema. Tulipokwisha kumwamkia na kuketi tulimsomea orodha. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Wajukuu zangu, mimi sikwenda. Nilitoa shilingi za kwanza, nikashindwa kumaliza. Baba alikuwa akingoja malipo ya kahawa, nayo yalichelewa. Siku ile niliwasindikiza wenzangu mpaka stesheni, nikarudi kwa miguu. Bahari nimeiona nikiwa mtu mzima."

Tulirudi sandukuni tukasoma hesabu ambazo tulikuwa tumezipita. Zilisema wazi: tikiti zilizonunuliwa, 19; waliorudishiwa fedha zao, watano. Gazeti lilikuwa limetuambia ukweli tangu mwanzo, ila sisi tulisoma kurasa tamu tu. Kama ubao ule ungeandikwa, wajukuu wa yule mzee wangelisoma jina lake kila siku, naye angalilazimika ama kutusahihisha mbele ya watu ama kunyamazia jambo asilolifanya.

Kwa hiyo jambo la tano ni kuwauliza wazee, na kuwauliza vizuri. Usimwambie mzee, "Mlikwenda Tanga, sivyo?" Kwa adabu atakubali. Mwambie, "Tueleze siku ile ilivyokuwa." Kisha linganisha maneno yake na karatasi, na karatasi na maneno yake. Wazee hawatungojei milele, na mchwa hawalali.

Ubao haujaandikwa. Kwanza twatafuta majina ya wale 19, nasi tumekubaliana kwamba wale watano nao watatajwa, kwa maneno ya kweli: "Walioandikishwa, wakakosa nauli."

Jambo la mwisho latuhusu sisi wenyewe. Treni ya abiria, baada ya kukosekana Arusha kwa miaka mingi, ilirudi mwaka 2020. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma, na wanafunzi wengine wamekwisha kuzipanda. Picha zao zimo katika simu, na simu huharibika. Ukisafiri, andika tarehe, stesheni ulikopanda na ulikoshukia, nauli uliyolipa, na majina ya waliokwenda kweli, wala si ya waliojiandikisha. Kisha ulete habari hizo kwa mhariri wa gazeti hili. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Safari nayo ni mali.

Mwenye magazeti ya zamani ya shule nyumbani, hata yaliyochanika, twamwomba atuazime. Tutayanakili na kuyarudisha.

Katibu, Chama cha Historia