Fahamu: Rimoti moja kwa vifaa vyote, uchague ipi?

Tangu Tanzania ianze kuzima mitambo ya analojia Desemba 31, 2012, kwa kuanzia Dar es Salaam, king'amuzi kimekuwa jirani wa televisheni hadi vijijini kama Mashewa, wilayani Korogwe. Rimoti zikawa mbili. Ukiongeza sabufa, tatu. Anayetaka moja ya kazi zote atafute inayonakili, si yenye orodha ya namba za kampuni pekee. Orodha hupangwa kiwandani, na sabufa isiyo na jina huenda isiwemo. Inayonakili huelekezwa uso kwa uso na rimoti ya zamani. Ukibonyeza kitufe, inanasa mapigo ya mwanga usioonekana na kuyahifadhi.

Utasema simu inatosha. Sawa, kama ina taa ya infraredi, lakini nyingi hazina, na mwenye simu akitoka, rimoti nayo imetoka! Pingamizi zito ni jingine: rimoti iliyokufa hainakiliki, wala zile za bluetooth hazinakiliki kwa njia hii. Basi usingoje vitufe vife. Nenda dukani na rimoti zako zote, muuzaji anakili vitufe kadhaa mbele yako kabla hujatoa hela.