Mchezo wa Uhusika kwa Njia ya Intaneti: Maelezo kwa Mgeni wa Karagwe na Kyerwa

Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa huko Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons, uliouzwa katika kisanduku chenye vijitabu vitatu. Asili yake ni michezo ya vita iliyochezwa mezani kwa vinyago vidogo vya askari. Lakini wawili hao walibadili jambo moja kubwa. Badala ya kuongoza jeshi zima, kila mchezaji alipewa mtu mmoja tu wa kumsemea. Tokea hapo imezuka michezo mingi ya namna hiyo, na tangu kuenea kwa intaneti wachezaji hawalazimiki kuketi penye meza moja. Programu kama Fantasy Grounds ya mwaka 2004, Roll20 ya mwaka 2012 na Foundry ya mwaka 2020 huonyesha meza katika kioo cha kompyuta, na watu walio mbalimbali hucheza pamoja kwa sauti au kwa maandishi.

Maelezo yafuatayo yahusu mtu anayeanza mchezo huo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Wilaya hizo, zilizokuwa moja hata mwaka 2012, zimepakana na Rwanda na Uganda. Lugha ya nyumbani kwa wengi ni Runyambo. Lugha ya shule ya msingi, soko na ofisi ni Kiswahili. Na kitabu cha kanuni za mchezo kimeandikwa kwa Kiingereza. Huweza kudhaniwa kwamba kizuizi cha mgeni ni mashine au fedha. Lakini simu moja yenye intaneti yatosha kuanzia, na kanuni za msingi hupatikana bure. Kizuizi chenyewe ni maneno, kwa kuwa katika mchezo huu kisichosemwa hakipo.

1. Mchezo ulivyo

Mtu mmoja huwa msimulizi: hueleza mahali, hali ya hewa, na watu wanaokutwa njiani. Wengine, ambao kwa kawaida ni watatu hadi watano, kila mmoja ana mhusika wake, na husema mhusika huyo afanya nini. Msimulizi hujibu kwa kueleza yaliyotokea, na hadithi huendelea. Hakuna ajuaye mwisho wake, hata msimulizi mwenyewe.

Jambo hili si geni kabisa kwa msemaji wa Kiswahili. Katika mchezo wa vitendawili, wasikilizaji wakishindwa, mtegaji hudai mji. Akiisha kupewa, husimulia safari yake ya kwenda huko na aliyoyakuta, ndipo atoapo jibu. Hapo mji hutolewa na wengine, na hadithi hutungwa papo hapo. Vilevile kwa jirani zao Wahaya, mpiga nanga, ambaye M. M. Mulokozi alimchunguza katika tasnifu yake ya mwaka 1986, huwasemea peke yake mashujaa na adui zao. Katika mchezo wa uhusika kazi hiyo ya mtu mmoja hugawanywa kwa watu wengi.

2. Kazi ya dadu

Tofauti iliyopo ni dadu. Mhusika akijaribu jambo lenye mashaka, si mchezaji wala msimulizi aamuaye, bali dadu yenye pande 20. Kwa kuelewa maana yake, yafaa kukumbuka habari moja ya Karagwe. Speke, aliyefika pamoja na Grant kwa mfalme Rumanyika mwezi Novemba 1861, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1863 habari aliyosimuliwa na mfalme mwenyewe. Baba yake alipokufa, ngoma ndogo iliwekwa mbele ya ndugu watatu waliogombea ufalme. Kwa uzito ilikuwa nyepesi kama unyoya, lakini ilikuwa imetiwa dawa, hata asiweze kuiinua ila yule aliyekubaliwa na mizimu. Wenzake walijitahidi bure. Rumanyika aliinyanyua kwa kidole kidogo.

Katika mchezo, dadu hushika mahali pa ngoma hiyo: ni mwamuzi wa tatu, asiyependelea mtu. Tuseme mchezaji ana mhusika ambaye ni mmoja wa ndugu hao. Katika kanuni za Dungeons & Dragons kila mhusika ana sifa sita, nazo zaweza kuitwa Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara na Haiba. Sifa yenye kiasi cha 10 haiongezi kitu. Yenye 16 huongeza 3. Msimulizi hutaja kiwango cha ugumu: 10 kwa jambo jepesi, 15 kwa jambo la wastani, 20 kwa jambo gumu. Kiwango kikiwa 15, mwenye Nguvu 16 atafaulu dadu ikionyesha 12 au zaidi, yaani pande 9 kati ya 20. Lakini kwa kuwa ngoma ile haikuwa nzito kwa mizani, msimulizi mwenye kufikiri atauliza kama Nguvu ndiyo sifa ipasayo, au kama Haiba mbele ya mizimu ndiyo ipimwayo. Mabishano ya namna hiyo ndiyo utamu wa mchezo.

3. Majina ya vitu

Jina la kwanza la kuamua ni la mchezo wenyewe. "Mchezo wa kuigiza" halifai, kwa sababu shuleni limekwisha kuwa jina la tamthilia ya jukwaani, yenye maneno yaliyoandikwa na watazamaji wanaotazama. Hapa hakuna maandishi ya kukariri wala mtazamaji. "Mchezo wa uhusika" ladokeza jambo lenyewe: kuwa mhusika.

Msimulizi naye, katika kitabu cha asili, huitwa kwa jina lenye maana ya bwana wa gereza la chini ya ardhi. Likifasiriwa neno kwa neno, mgeni atadhani anahukumiwa kifungo. "Mtambaji" ni bora, maana kutamba ngano ni kazi yake hasa. Na kama kutamba ni kujivuna pia, watambaji wengi hawatakosewa kwa hilo. Mfululizo mrefu wa hadithi huitwa kwa Kiingereza kwa neno ambalo Kiswahili kimelipokea kuwa "kampeni". Lakini mtu wa Kayanga au Nkwenda akialikwa kwenye kampeni, atatazamia mgombea na kipaza sauti. Neno "msafara" lafaa zaidi, nalo lina mizizi katika nchi hiyo, kwani misafara ya biashara kutoka Unyanyembe ilifika Kafuro, karibu na ikulu ya Bweranyange, katika karne ya 19.

4. Kitenzi na hukumu

Kosa la kawaida la mgeni ni kusema jambo kana kwamba limekwisha kutendeka: "Nimevunja mlango." Kwa kufanya hivyo ameinyang'anya dadu kazi yake. Kiswahili kina njia nyepesi ya kulizuia kosa hilo, nayo imo katika minyambuliko ya vitenzi. Mchezaji huwa na haki ya kutenda: "Navunja mlango", "Nainua ngoma." Matokeo yasemwe na mtambaji, baada ya dadu, kwa kauli ya kutendeka: "Ukavunjika", "Ikainuka kidogo, ikakushinda." Mchezaji ana -vunja na -inua, dadu ina -vunjika na -inuka. Kiambishi -ka- cha masimulizi nacho humfaa mtambaji, kwa kuwa husogeza habari mbele bila kuirudia. Runyambo nayo ina utajiri wa minyambuliko, kama ionekanavyo katika sarufi ya J. M. Rugemalira ya mwaka 2005. Kwa hiyo mchezaji wa huko hahitaji kufundishwa tofauti hiyo, ila kukumbushwa aitumie.

Mambo mengine mawili ya sarufi yamfaa mgeni. Kwanza, kiambishi a- hakibagui mume na mke. Mchezaji mwanamume aweza kumsemea malkia katika nafsi ya tatu bila lugha kumkatiza. Pili, upatanisho huweza kueleza hali ya kiumbe. Mtambaji akisema "joka likaja", wasikilizaji wataona ukubwa na hofu. Akisema "joka akaja", watahisi kwamba huenda kiumbe huyo atazungumza, na upanga utangoja kidogo.

Adabu pia huleta swali. Kijana akiwa mfalme katika hadithi, na shangazi yake akiwa mtumishi, nani amwamkie mwenziwe? Desturi iliyo salama ni kwamba kikao kifunguliwe kwa maamkizi ya wachezaji wenyewe, kijana ampe shangazi shikamoo yake. Hadithi ikianza, heshima ifuate cheo cha wahusika, mpaka kikao kifungwe.

5. Namna ya kuanza

Mgeni na atafute wenzake watatu au wanne, hata wakiwa mmoja Kayanga, mmoja Murongo, na mwingine Mwanza au Kampala. Mtandao ukiwa dhaifu, kucheza kwa maandishi katika kundi la WhatsApp kwatosha: mtambaji huandika asubuhi, na kila mmoja hujibu akitoka shambani au kazini. Penye mtandao mzuri, Discord huwezesha mazungumzo ya sauti, na Roll20 hurusha dadu mbele ya macho ya wote. Asiye na dadu ya pande 20 aandike namba 1 hadi 20 katika vikaratasi, avitie koponi, achomoe kimoja, kisha akirudishe. Hesabu ni ile ile. Hadithi ya kwanza iwe fupi, ya kikao kimoja, na wahusika wawe wamekwisha kutayarishwa, ili mgeni asichoshwe na kanuni kabla ya kuonja mchezo.

Kabla ya hadithi, wachezaji wapatane mambo yasiyoguswa. Mwaka 1994 wakimbizi wengi kutoka Rwanda waliingia Ngara na Karagwe, na huenda mezani yumo mtu ambaye kwake vita na ukimbizi si hadithi. Vivyo hivyo Wachwezi kwa mmoja ni mashujaa wa ngano, na kwa mwingine ni imani ya wazee wake. Kuuliza mapema ni rahisi kuliko kuomba radhi baadaye.

6. Kazi iliyobaki

Mwezi Januari 2023 kampuni ya Wizards of the Coast iliziweka kanuni za msingi za mchezo wake chini ya leseni ya Creative Commons. Kwa leseni hiyo mtu yeyote aruhusiwa kuzinakili, kuzifasiri na hata kuziuza, mradi ataje zilikotoka. Kampuni yenyewe ilitoa tafsiri za Kifaransa, Kijerumani, Kitaliano na Kihispania. Kiswahili hakimo kati ya hizo, lakini mlango u wazi.

Faida ya tafsiri hiyo si ya mchezo peke yake. Nchini Tanzania masomo ya shule ya msingi hutolewa kwa Kiswahili, na ya sekondari kwa Kiingereza. Mchezo ukibaki katika Kiingereza, meza itakuwa ya waliofika sekondari tu. Na bibi wa Kaisho au Nyaishozi, ajuaye ngano nyingi kuliko kitabu chochote, atakosa kiti. Istilahi chache zilizochaguliwa vema, zikajaribiwa na wachezaji wenyewe, kisha zikapelekwa mbele ya Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, zingempa kiti hicho. Pengine angekaa penye nafasi ya mtambaji.