Skrubu Nne Kiunoni

Kirungu cha kukagulia metali kilipofika usawa wa kiuno changu kwa nyuma, kililia. Mlinzi, msichana wa miaka ishirini na kitu, kofia imemshukia hadi kwenye nyusi, akakipandisha mpaka mabegani, akakishusha tena. Kikalia palepale.

"Mama, uko na simu hapo nyuma?"

"Sina, mwanangu. Simu yangu hii hapa mkononi."

Mimi ni mtu wa Dar es Salaam, nimezoea kuulizwa "una nini", na hilo "uko na" la Nairobi hunichekesha kila nikilisikia. Siku ile sikucheka. Ilikuwa Jumamosi mchana, mlango wa jengo moja la maduka, na foleni nyuma yangu ilikuwa imeshaanza kuguna. Nikafungua mkanda wa sketi nikamkabidhi. Kirungu kikalia. Nikatoa funguo, nikatoa hata pipi zenye karatasi ya kung'aa. Kikalia. Ndipo nikasema neno ambalo sikupaswa kulitanguliza:

"Nina chuma mgongoni."

Msichana akarudi nyuma hatua moja.

Nimeifikiria sana hatua ile. Mtu ameajiriwa asake bastola, anasimama juani saa kumi na mbili kwa siku akiisaka, halafu anakuja mama wa makamo anamwambia kwa mdomo wake kwamba ana chuma mgongoni. Angefanya nini? Kosa lilikuwa la mpangilio wa maneno. Ningeanza na upasuaji, chuma kingekuja chenyewe baadaye, kimeshafungwa bandeji. Tangu siku hiyo nasema hivi: "Nilifanyiwa upasuaji wa mgongo, kuna skrubu hapa," huku kidole changu kikiwa kimeshafika mahali penyewe kabla kirungu hakijafika.

Nilicho nacho ni skrubu nne na nondo mbili. Pingili ya nne ya kiunoni ilikuwa imeteleza mbele juu ya ile ya tano, nikawa siwezi kutembea kutoka kituo cha daladala hadi nyumbani bila kuketi njiani kwenye baraza za watu, miguu ikiwaka moto. Daktari akazifunga pingili hizo mbili zisitembee tena. Kila skrubu ina unene wa milimita 6.5 na urefu wa milimita 45. Nondo, kama sisi wagonjwa tunavyoziita kwa kuwa kila mtu ameona nondo za zege, zina unene wa milimita 5.5 tu, nyembamba kuliko kalamu ya risasi. Fundi yeyote wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, akionyeshwa angedhani ni za kufungia kabati.

Ajabu ni kwamba nilikuwa nimejiandaa kwa mlango mwingine kabisa. Kabla ya safari hii ya Nairobi, shangazi yangu wa Tanga alinipigia simu mara tatu. "Mwanangu, usikubali kupita kwenye ule mlango wa uwanja wa ndege. Ile ni sumaku. Itazinyofoa." Nikabeba bahasha ya kaki yenye picha zangu za eksirei na barua ya daktari yenye mhuri. Katika uwanja wa Julius Nyerere unakaguliwa mara mbili, mlangoni na kabla ya kwenda kupanda ndege. Nikapita lango la kwanza nimebana pumzi. Kimya. Nikapita la pili. Kimya. Nikahisi kama nimedhulumiwa: maumivu yote yale, fedha zote zile, na mashine haitambui hata kuwa nimefanyiwa kitu! Nikamwonyesha afisa bahasha yangu bila kuulizwa. Akaitazama picha juu ya taa, akatikisa kichwa. "Kha! Mama, vyuma vimekaza mpaka mgongoni!" Tukacheka wote wawili, maana vilikuwa vimekaza kwa maana zote, mgongoni na mfukoni.

Sasa kwa nini lango kubwa la uwanja wa ndege linyamaze, na kirungu cha mlinzi wa dukani kilie?

Shangazi alikosea kidogo tu. Ndani ya nguzo za lango mna koili za waya zinazotoa mapigo mafupi ya uga wa sumaku, mengi katika kila sekunde. Lakini hazivuti kitu. Kazi yake ni kama ya mtu anayebisha hodi kisha anatega sikio. Pigo likikuta metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme inayozunguka, na mikondo hiyo nayo hutoa uga wake. Hilo ndilo jibu ambalo lango linalisikiliza. Shaba huitika kwa sauti na kwa muda mrefu. Aluminiamu vilevile. Ndiyo maana si kweli kwamba skrubu zetu hunyamaza kwa sababu hazishikwi na sumaku. Shaba haishikwi na sumaku, na funguo za shaba mfukoni ni mdomo mtupu. Skrubu za siku hizi kwa kawaida ni mchanganyiko wa titaniamu, asilimia 6 aluminiamu na asilimia 4 vanadiamu, na mchanganyiko huo hupitisha umeme vibaya mno, kama sehemu moja tu katika mia ya uwezo wa shaba. Ukibisha hodi, anajibu "karibu" kwa sauti ya mgonjwa, kisha kimya.

Titaniamu, nikipenyeza hili, si mgeni pwani kwetu. Mchanga wa Kwale, kusini mwa Mombasa, ulichimbwa kwa ajili ya madini yake tangu mwishoni mwa 2013 hadi Desemba 2024. Ila sehemu kubwa ya madini hayo duniani huishia kuwa unga mweupe wa kutengenezea rangi. Si ajabu ukuta wa wodi niliyolala ukawa na titaniamu nyingi kuliko mgongo wangu.

Baada ya aina ya metali kuna wingi wake, umbo lake na kina ilipo. Nyonga ya bandia ni bonge moja zito. Wenye nyonga na magoti ya bandia huwaamsha walinzi mara nyingi kuliko sisi wa mgongo. Wapo pia wazee wa kizazi cha Paul Harrington, daktari wa Houston, Texas, ambaye mwaka 1962 alichapisha njia yake ya kunyoosha migongo iliyopinda kwa fimbo ya chuma cha pua, akiwa ameanza na wagonjwa wa polio. Fimbo hiyo huenea sehemu kubwa ya mgongo na hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko titaniamu, kwa hiyo majibu yake langoni huweza kuwa mengine. Tena kila mahali wana namna yao ya kupima: ofisa akikaza usikivu wa lango, hata kifungo cha suruali kitasema. Baadhi ya malango hupangwa yalie yenyewe kwa bahati nasibu ili mtu asiyebeba kitu naye akaguliwe. Wengi wanaolaumu skrubu zao walichaguliwa tu na kura, au walisahau sarafu.

Kirungu hakihitaji kusikia kutoka mbali. Mlinzi anakipitisha karibu kabisa na ngozi, na skrubu zilizoingizwa kwa nyuma kama zangu vichwa vyake viko chini ya nyama tu. Kwa mtu mwembamba unaweza karibu kuvipapasa. Mwenzangu aliyepasuliwa kwa mbele, akawekewa kifaa chake kwa kupitia tumboni, ana matumbo na misuli vya kumfichia siri. Mimi yangu iko barazani.

Kirungu kina kisa cha kale ambacho kila mwenye skrubu kiunoni anapaswa kukijua. Julai 2, 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi kwa nyuma katika stesheni ya treni mjini Washington. Risasi moja ikaingia mgongoni na madaktari hawakujua imelala wapi. Wakaitafuta kwa vidole ambavyo havikuoshwa. Alexander Graham Bell, yule wa simu, akatengeneza kifaa cha koili chenye kisikilizio, akakipitisha juu ya mwili wa rais akitega sikio. Kwa kadiri ninavyojua, ndiyo mara ya kwanza mtu mashuhuri kupitishiwa kirungu. Kikalia, lakini kila mahali! Rais alikuwa amelazwa juu ya godoro lenye springi za chuma, jambo ambalo wakati ule lilikuwa geni na Bell hakuliwazia. Zaidi ya hapo, daktari mkuu, Bliss, alishikilia kwamba risasi iko upande wa kulia, akaruhusu upande huo tu utafutwe. Garfield alifariki Septemba 19. Walipompasua, wakakuta risasi ilitoboa pingili ya kwanza ya kiunoni ikaenda kulala upande wa kushoto. Pingili ile ipo hadi leo katika jumba la makumbusho ya tiba, Marekani.

Kifaa cha Bell hakikuwa kibovu. Kilisikia metali, kikasema kuna metali. Springi, risasi, skrubu, bastola: kwake zote ni neno moja. Kazi ya kutofautisha ilikuwa ya wale waliosimama kando ya kitanda, kama ilivyo leo ya yule msichana getini.

Kukagua watu mlangoni kulikuja baadaye sana. Viwanja vya ndege vya Marekani vilianza kumkagua kila abiria Januari 5, 1973, baada ya miaka ya utekaji wa ndege. Kwetu historia ni nyingine. Mabomu ya Agosti 7, 1998 kwenye balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam, halafu shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 21, 2013, watu 67 wakauawa wakiwa wamekwenda kununua unga na viatu. Nairobi haikurudi kuwa ileile. Mtu mwenye skrubu anayeishi Dar anaweza kumaliza mwezi bila kusikia mlio. Dada yake wa Nairobi anakaguliwa benki, supamaketi, ofisini, hata kanisani. Kila wiki anaulizwa habari za mwili wake na mtu asiyemjua jina, mbele ya watu wengine asiowajua.

Hapo ndipo penye maumivu, kama nikiruhusiwa kusema. Mlio wenyewe hauumi. Skrubu hazipati joto, hazisogei, na wala lango haliwezi kuzilegeza. Kinachouma ni kueleza ugonjwa wako kwa sauti ya kushinda kelele za magari, huku anayefuata akisogea apate kusikia vizuri. Nilipomaliza kueleza, mama mmoja nyuma yangu akasema "pole sana, na ulianguka?" Akasubiri jibu kweli.

Watu huniuliza kuhusu kadi. Hospitali nyingine hutoa kadi ndogo inayosema una kifaa mwilini, na barua pia huandikwa. Beba, itafungua mazungumzo. Lakini usiitoe kama pasipoti. Hata huko Marekani kadi ya namna hiyo haimwondolei abiria ukaguzi, na hilo ni haki: mhuri unachongwa Kariakoo kwa dakika kumi. Kinachosaidia ni kusema kabla hujapita, kuomba mkaguzi wa jinsia yako, na kuomba faragha ikibidi kufunua nguo. Hakuna aliyewahi kuninyima hivyo viwili. Waliosahau walikumbushwa tu.

Katika viwanja vikubwa vya ng'ambo utakuta chumba cha kioo unachosimama umenyanyua mikono kama unayetekwa. Mawimbi yake hupenya nguo, yakifika kwenye ngozi yanarudi. Hayaingii ndani, kwa hiyo skrubu hayazioni. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua hicho.

Ila haya yote ni ya wenye vyuma vilivyolala tu. Mwenye betri ya moyo, au kile kifaa cha umeme kinachotuliza maumivu ya neva za mgongo, asinifuate mimi. Aseme mapema, apite langoni kwa mwendo wa kawaida bila kusimama wala kuegemea nguzo, na asikubali kirungu kizungushwezungushwe juu ya kifaa chake. Aombe kupapaswa kwa mkono.

Msichana wa kofia alinipeleka kando, nyuma ya bango la matangazo. Nikapandisha blauzi vidole vinne. Akaona kovu lililoshuka katikati ya kiuno, akapitisha kirungu juu yake taratibu, kikalia kushoto, kikalia kulia.

"Ziko ngapi?"

"Nne."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyehesabu mzigo akakuta umetimia, akanishushia blauzi mwenyewe.

Saa moja baadaye nilivuka barabara kwenda kwenye duka la dawa katika jengo la pili. Mlango, meza, mlinzi, kirungu. Safari hii nilikuwa tayari. "Kijana wangu, nilifanyiwa upasuaji wa mgongo, kuna skrubu hapa," kidole kiunoni. Akaninyooshea kirungu kwa adabu, akakipitisha mbele, akakipitisha nyuma. Kimya. Nikamtazama. Akakigonga mara mbili kwenye kiganja, akakitikisa karibu na sikio.

"Betri iliisha tangu asubuhi, mama. Pita tu."

Nikapita.