Chafya Zisizoisha: Tafuta Chanzo Chake



Kila mtu hupiga chafya. Pua ni mlango wa hewa. Vumbi likiingia puani, mwili hulitoa kwa chafya. Chafya moja au mbili si ugonjwa.

Lakini wako watu wanaopiga chafya nyingi mfululizo, leo na kesho, mwezi hata mwezi. Hawajui sababu. Hununua vidonge kila mara na fedha zinakwisha. Wengine humshuku jirani kuwa amewaroga. Chafya haziishi, na ujirani unavunjika.

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Kalamu na daftari vinaweza kukusaidia kupata chanzo.

Mafua au mzio?

Mafua huletwa na virusi, nayo huambukiza. Mgonjwa huweza kuumwa koo na kuwa na homa. Kwa kawaida mafua huisha baada ya siku 7 hadi 10.

Mzio ni tofauti. Wengine huuita aleji. Mwenye mzio, mwili wake hukikataa kitu ambacho hakiwadhuru watu wengi. Pua na macho huwasha. Kamasi huwa nyepesi kama maji. Homa hakuna. Hali hii hurudi kila anapokutana na kitu hicho. Mzio hauambukizi.

Vidonge vya kuua bakteria haviponyi mafua wala mzio. Usivinunue ovyo.

Ni vitu gani huleta chafya?

Viko vingi. Vumbi la magodoro na mito lina wadudu wadogo sana, wasioonekana kwa macho. Wadudu hao hula chembe za ngozi zinazotubanduka tukilala. Kinyesi chao huwaletea watu wengi mzio. Vitu vingine ni ukungu wa kuta zenye unyevu, manyoya ya paka, chavua za nyasi, na vumbi la nafaka. Moshi wa kuni pia huchokoza pua.

Andika katika daftari

Tuchukue mfano wa mama mmoja. Alipiga chafya kila siku. Alidhani ni moshi wa jikoni. Basi akaandika hivi:

Jumatatu, alfajiri, kitandani: chafya nyingi.
Jumatatu, jioni, jikoni: hakuna.
Jumanne, alfajiri, natandika kitanda: chafya nyingi.
Jumatano, nimelala kwa dada: hakuna.
Alhamisi, alfajiri, kitandani kwangu: chafya nyingi.

Aliendelea hivyo kwa wiki mbili. Kisha akasoma yote aliyoandika. Akaona kwamba jikoni hapakuwa na neno. Chafya zilikuja kitandani kwake tu.

Alikuwa na mto wa sufi uliokaa miaka mingi. Akautoa chumbani, akalalia kanga safi iliyokunjwa. Hakubadili kitu kingine. Baada ya wiki mbili chafya zilipungua sana. Akaurudisha mto, nazo chafya zikarudi. Hapo akajua chanzo.

Nawe fanya hivyo. Andika siku, saa, mahali, na kazi uliyokuwa ukifanya. Andika pia siku usizopiga chafya. Kisha ondoa kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukiondoa vitu vitatu pamoja, hutajua ni kipi kilichokusumbua. Lakini kama kitu kilikubana kifua, usikijaribu tena.

Ukishajua chanzo

Jiepushe nacho kadiri uwezavyo. Fua mashuka na foronya kwa maji ya moto kila wiki. Anika godoro na mito juani. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia sakafu ya udongo. Ukipepeta nafaka, funika pua na mdomo kwa kitambaa, na usikae upande unakoelekea upepo. Fungua madirisha ili moshi na unyevu vitoke.

Usikawie kwenda zahanati

Nenda mara moja ukiona mojawapo ya haya: kifua kinabana, unapumua kwa shida, au unakohoa damu. Nenda pia ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi. Kikohozi cha namna hiyo huenda kikawa kifua kikuu.

Chukua daftari lako. Mganga akiuliza, "Ilianza lini? Hutokea wapi?" utakuwa na jibu. Ziko dawa za kutuliza mzio. Baadhi yake huleta usingizi, kwa hiyo uliza kabla ya kushika panga au kuendesha pikipiki.

Maswali

1. Mafua na mzio vinatofautianaje?
2. Kwa nini yule mama aliondoa mto peke yake?
3. Je, nyumbani kwako kuna mtu anayepiga chafya mara kwa mara? Msaidie kuanza daftari lake leo.