Hiace Inapokataa Kuchuchumaa

Dalali aliipiga teke tairi ya nyuma kama mtu anayemjaribu ng'ombe mnadani. "Mama, hii imeongezwa springi. Pakia hata tani mbili, haichuchumai!"

Mama mwenyewe anaoka mikate hapa Kawetele, Tukuyu, na alikuwa anatafuta gari la kuisambaza madukani, kutoka Kiwira mpaka Ushirika. Aliniomba nimsindikize kwa kuwa niliwahi kushika spana miaka ya nyuma. Nikavua koti, nikatandika gunia kwenye tope, nikaingia uvunguni.

Wanunuzi wengi wa Hiace iliyotumika huangalia vitu vitatu: rangi, kilomita, na kama inawaka mara moja. Rangi inapakwa. Kilomita zinarudishwa nyuma. Na gari la kuuzwa limeshapashwa moto tangu alfajiri, litaachaje kuwaka? Mimi naanzia chini, kwenye ekseli ya nyuma, maana huko hakuna anayekumbuka kupaka rangi.

Ila kabla ya kuingia uvunguni nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa nyuma. Kuna maandishi ya Kijapani pale, meupe, ambayo wengi huyabandua ili gari lionekane jipya. Bahati nzuri haya yalikuwa bado yapo. Katikati ya herufi ambazo hakuna mtu Tukuyu anayezisoma kulikuwa na tarakimu ambazo kila mtu anazisoma: 1000 kg. Hicho ndicho kiwango cha juu cha mzigo alichokiweka aliyeliunda. Dalali anasema tani mbili, mlango unasema moja, na wote wawili wako kwenye gari lilelile.

Hiace yenyewe ni gari lililokatwa kwa mkasi wa sheria. Japani, gari dogo la mizigo halitakiwi kuzidi urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7 na kimo cha mita 2. Ukipima Hiace ya kawaida ya toleo lililotoka mwaka 2004 utapata urefu wa milimita 4,695 na upana wa 1,695. Wamebakiza milimita tano kila upande wa hesabu! Injini ya petroli ya kundi hilo haitakiwi kuzidi sentimita za ujazo 2,000. Ya Hiace ni 1,998. Magari ya kundi hilo hukaguliwa kila mwaka baada ya miaka miwili ya mwanzo, tofauti na gari la familia linalosubiri miaka miwili miwili. Ndiyo maana mfanyabiashara wa huko huchoka na gharama za ukaguzi, akaliuza likiwa bado na nguvu, nasi tukalipokea Dar es Salaam kana kwamba ni jipya.

Sasa turudi uvunguni, kwenye kitu kinachonifanya niandike.

Katika Hiace nyingi zisizo na kompyuta ya breki, ukiangalia kwenye chasisi karibu na ekseli ya nyuma utakuta kopo dogo la chuma lenye mabomba ya breki yanayoingia na kutoka. Kutoka kwenye kopo hilo kuna fimbo nyembamba ya chuma cha springi, imepinda, na ncha yake imefungwa kwenye ekseli. Mafundi wengi wanaijua kama kitu cha kusumbua tu. Kumbe ni mzani! Gari likipakiwa, bodi inashuka kuelekea ekseli, fimbo inajipinda na kulibonyeza kopo, na kopo linaruhusu nguvu zaidi ya breki iende tairi za nyuma. Gari likiwa tupu, bodi iko juu, fimbo imelegea, na kopo linazibana breki za nyuma.

Kwa nini zibanwe? Ukikanyaga breki, uzito mwingi wa gari hukimbilia mbele. Utaona pua inainama. Tairi za nyuma hubaki nyepesi, na zikipata breki kamili zitagoma kuzunguka na kuteleza, mkia ukapita mbele ya pua. Aliyewahi kuendesha gari tupu kwenye lami iliyolowa, na hapa kwetu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, anajua ninachosema. Kwa hiyo kopo lile linauliza swali moja siku nzima: leo tumebeba nini? Na jibu linalipata kwa njia moja tu, kwa kuona gari linachuchumaa kiasi gani.

Haya. Mtu anaongeza mabapa mawili ya springi ili gari lisichuchumae. Anapakia viazi gunia kumi na tano. Bodi inabaki juu vilevile. Kopo linatazama, linaona gari liko juu, linasema: tupu. Linazibana breki za nyuma siku ileile ambayo zinahitajika kuliko siku zote. Dereva anateremka na mzigo wa tani na zaidi huku breki za mbele peke yake zikifanya kazi ya wanne.

Na kuteremka ndiyo habari ya wilaya hii. Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Hiace tupu ina karibu kilo 1,800. Ukiiwekea tani yake halali unapata kilo 2,800. Kuushusha uzito huo mita 1,000 kwenda chini kunatoa nishati ya kutosha kuchemsha madebe manne ya maji, lita 20 kila moja, kutoka ubaridi wa asubuhi mpaka yatokote. Sehemu ya joto hilo huchukuliwa na upepo, nyingine na injini kama dereva ana busara ya kushika gia nzito. Linalobaki linaingia kwenye breki. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa taratibu, na hewa yetu ina unyevu wa kugawa. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205; yakishalowa maji, kipimo kinashuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama mpaka sakafuni kama mguu kwenye matope ya shamba la mpunga Kyela.

Kinachoniudhi zaidi ni dawa ya mtaani. Kopo likishika kutu, wapo wanaoifunga ile fimbo kwa waya, na wapo wanaolitoa kabisa na kuunganisha mabomba moja kwa moja. Kopo zima, ambalo lingefanyiwa usafi na kurekebishwa, linauzwa chuma chakavu kwa kilo pamoja na mabati ya paa. Kisha tunakwenda kununua stika ya "Mungu Nilinde" ya kubandika kiooni.

Je, lazima iwe Hiace? Si lazima. Kirikuu, yaani Suzuki Carry, ni rahisi kununua na kulisha, na kila nikiliona namkumbuka yule mtoto wa katuni ya Michel Ocelot ya mwaka 1998, Kirikou, mfupi wa kimo na mwingi wa mbio. Lakini nalo limekatwa kwa mkasi wa kwao: injini ya sentimita za ujazo 660, urefu wa mita 3.4, mzigo kilo 350. Hizo ni gunia tatu na nusu za kilo mia. Hapa petu nimeona likibeba tisa, likipanda kama mzee mwenye pumu. Noah ni gari zuri la abiria, ila nyingi za kuanzia mwaka 2001 huvutwa na tairi za mbele. Zijaze mzigo nyuma, zipandishe kilima cha tope, tairi za mbele zinaelea na kuchimba. Hiace huvutwa na za nyuma, na mzigo unazikandamiza. Kwa njia zetu za kutoka mashambani, hilo peke yake linanitosha.

Mengine ya kuangalia nayataja mbio: mpira wa pedali ya klachi uliokwisha kwenye gari la "kilomita elfu themanini", kutu chini ya mlango wa kuteleza, moshi wa asubuhi injini ikiwa baridi kweli, tairi zilizolika upande mmoja, jina la kwenye kadi.

Nilipotoka uvunguni nilikuwa nimehesabu mabapa mawili mapya, meusi kuliko wenzake, na fimbo yetu imefungwa waya wa kuezekea.

"Shikamoo mzee," dalali akaanza upya, sauti imepoa. "Hayo ni marekebisho tu."

"Marahaba. Lete saruji."

Duka la vifaa lilikuwa jirani. Mama wa mikate akaomba mifuko kumi na mbili, kilo 600, ipakiwe kwa dakika tano tu. Nikapima kwa vidole nafasi kati ya tairi na madigadi. Kabla ya mzigo vilipita vidole tisa. Baada ya mzigo, tisa, labda na kucha pungufu. Mama akaweka vidole vyake mwenyewe, akahesabu, akamtazama dalali bila kusema neno. Bei ikashuka laki saba. Mabapa yakatolewa palepale kwa gharama ya muuzaji, fimbo ikafunguliwa na kusafishwa, na lilipopakiwa tena likachuchumaa vidole vitatu, vizuri kabisa. Siku ya pili kopo likarekebishwa gereji, mafuta ya breki yakabadilishwa yote.

Sasa hivi gari hilo ni mikate alfajiri. Adhuhuri ni vifaranga, parachichi za watu, maziwa, milango ya seremala. Jumamosi spika za harusi, viti, masufuria, kwaya. Mara mbili limebeba jeneza. Yale mabapa mawili mama alimpelekea mhunzi, chuma cha springi kinashika makali. Moja limetoa visu vitatu vya mkate. La pili limekuwa panga, na mwenzangu, linakata mgomba kwa pigo moja.