WADUDU WA MINDIMU YA MADEBENI

Huko Galu, na katika mwambao wote wa Diani mpaka Msambweni, si ajabu kuuona mndimu au mlimau umepandwa katika debe kando ya baraza. Mti wa namna hii wahitaji kutunzwa kuliko ule wa shambani, kwa kuwa mizizi yake haina nafasi, na wadudu wachache hutosha kuudhoofisha.

Dalili ya kwanza ni weusi kama masizi juu ya majani. Weusi huo ni kuvu iotayo juu ya maji matamu yatolewayo na wadudu wanaofyonza mti: vidukari, vidung'ata weupe kama pamba, na wadudu magamba walioganda vijitini. Sisimizi na majimoto huyapenda maji hayo, nao huwalinda wafyonzaji na adui zao, hasa mbawakawa wadogo wenye madoadoa.

Hata hivyo, majimoto wasiuawe ovyo. Utafiti uliofanywa Unguja katika miaka ya 1950 ulionyesha kwamba minazini humfukuza kunguni anayefyonza vidaka na kuvipukutisha. Basi waachwe minazini, ila wazuiwe kuupanda mndimu. Liweke debe juu ya kigoda, na kila mguu wa kigoda uwe ndani ya mkebe wa maji, kama lifanyiwavyo kabati la chakula. Tena yakatwe matawi yagusayo ukuta.

Kisha paruza sabuni ya mche, vijiko vidogo 2, uiyeyushe katika lita 1 ya maji. Nyunyiza jioni, hasa chini ya majani, maana sabuni huwaua wale tu inaowalowesha. Asubuhi suuza kwa maji safi, na urudie baada ya siku 7. Magamba yasuguliwe kwa mswaki mkuukuu.

Yuko mdudu mmoja wa kuogopwa zaidi. Ni wa rangi ya kahawia, urefu wake milimita 3 au 4, naye hukaa kwenye machipukizi huku ameinua mkia. Asili yake ni Asia. Habari za kuonekana kwake Tanzania zilitolewa mwaka 2016, na Kenya mwaka 2017. Huyu hueneza ugonjwa unaoyatia majani mabaka ya manjano, na matunda huwa madogo, yaliyopinda na machungu. Ugonjwa huo hauna dawa.

Kwa hiyo, mwenye kuziona dalili hizo asimpe jirani mche wala kijiti cha kupandikiza, bali amwarifu Afisa wa Kilimo upesi. Debe moja lenye ugonjwa laweza kuwa hasara ya michungwa ya wakulima wengi wa Kwale.