Ungo, Kinu na Kibuyu: Vitu vya Kale kwa Wazee Wenye Demensia

Demensia ni hali ambayo ubongo hupoteza uwezo wake kidogo kidogo: kukumbuka, kuzungumza, kupanga mambo, hata kuwatambua watu wa nyumbani. Si uzee wa kawaida, wala mgonjwa hajarogwa. Huletwa na magonjwa yanayoharibu ubongo, na Alzheimer ndio ulioenea zaidi. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, ulionyesha kuwa takriban wazee 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na hali hiyo.

Kwa kawaida Alzheimer huanza kwa kuathiri sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya. Ndiyo maana mzee huweza asijue kama amekunywa chai asubuhi, huku akisimulia vizuri siku za ujana wake. Ujuzi wa mikono nao hukawia kupotea. Bibi aliyekwama katikati ya sentensi, akipewa ungo wenye mchele, huurusha, huupuliza na kuzikusanya chuya pembeni bila kuelekezwa. Uzito, harufu na sauti ya kitu huamsha yale ambayo swali la mdomo limeshindwa kuyaamsha.

Baadhi ya makumbusho yamejenga huduma juu ya jambo hilo. Makumbusho ya Liverpool, Uingereza, yalianzisha mwaka 2012 mpango wa kuwafundisha watunzaji kutumia vitu vya zamani katika mazungumzo. Huko Aarhus, Denmark, makumbusho ya Den Gamle By yana nyumba iliyopangwa kama ya miaka ya 1950, ambamo wazee huketi na kunywa kahawa. Dar es Salaam kuna Kijiji cha Makumbusho, chenye nyumba za jadi za makabila mbalimbali. Hakikuanzishwa kwa ajili ya wagonjwa, lakini nyumba ya kuingia na kuketi humfaa mzee kuliko kabati la kioo.

Kwa familia inayoishi Kyimo, wilayani Rungwe, safari ya kwenda Dar es Salaam ni ya zaidi ya kilomita 800. Hata hivyo, vitu vyenyewe havihitaji kutoka mbali: kibuyu cha maziwa, kinu, jembe lililolika, koroboi, pasi ya mkaa, kikapu cha kuchumia chai, hata harufu ya mbalaga, yaani ndizi za kupikwa, jikoni. Vinavyofaa zaidi ni vile alivyovitumia mgonjwa mwenyewe ujanani. Aliye na miaka 80 na ushee alikuwa kijana wakati wa Uhuru.

Kitolewe kitu kimoja kwa wakati. Swali "Hiki kinatumikaje?" ni bora kuliko "Unakumbuka?", ambalo humtia mzee kwenye mtihani. Akikosea, asisahihishwe. Akiacha Kiswahili na kurudi Kinyakyusa, ajibiwe kwa Kinyakyusa. Kitu kikimletea simanzi, kama kilichobaki cha marehemu, kiwekwe kando na mazungumzo yageuzwe.

Njia hii haiponyi. Tafiti zimeonyesha manufaa ya kiasi katika hali ya moyo na mawasiliano, nayo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Huko Hai, mbinu iliyo jirani na hii, yaani vikao 14 vya vikundi vya kuchangamsha akili vilivyorekebishwa kwa mazingira ya Tanzania, iliwapa wazee nafuu ya uwezo wa akili na, kwa kiasi kidogo, ya ubora wa maisha.

Anachosimulia mzee kinafaa kuandikwa siku hiyo hiyo, pamoja na jina la kitu kwa lugha yake. Kibuyu kisicho na maelezo ya mtumiaji wake hubaki kibuyu tu, hata kikiwekwa makumbusho.